Jino la Mama Mkwe

Mara ya kwanza jino lilipozibuka, mama mkwe alisema ni bahati mbaya tu. Mara ya pili aliguna tu, na mguno ule ulimchoma daktari, mkaza mwanawe, kuliko maneno. Mara ya tatu alifika kliniki bila miadi, akapanda kwenye kiti cha wagonjwa kama mwenye nyumba, akafungua leso na kumwonyesha mkaza mwanawe kipande cheupe kidogo kama punje ya mchele.

"Mwanangu, kazi yako imerudi."

Daktari alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ya meno, na mkono wake ulisifiwa. Lakini mwezi huo wagonjwa wengine watano walikuwa wamemrudia na meno yaliyozibuka, na yeye alikuwa amemtafutia kila mmoja kosa lake. Mmoja alimwambia aache kutafuna mifupa. Mwingine alimwambia anasaga meno usingizini. Alikuwa hata amebadilisha gundi ya kushikizia dawa ya kuzibia, akaagiza ile ya bei mbaya, na bado hali ikawa ile ile.

"Mama, tatizo ni mate," alisema kwa adabu. "Unaongea wakati gundi inashika."

"Naongea kwa sababu unaniuliza maswali."

Safari hii daktari alitandaza kipande cha mpira mwembamba juu ya kinywa, jino likachungulia peke yake kwenye tundu. Mate hayangeweza kupita, na maneno pia. Chumba kikatulia, na daktari akajikuta anaifurahia hali ile, ingawa asingethubutu kukiri.

Akasafisha tundu la jino, akapaka dawa ya kulikwaruza ili gundi ipate pa kushika, akaisuuza. Kisha akachukua bomba la hewa na kukausha. Mama mkwe akainua mkono.

"Inauma?"

Akatikisa kichwa. Daktari akapuliza tena, mkono ukainuka tena, na sasa vidole vikawa vinaandika hewani. Alipopewa kalamu na karatasi, mama mkwe aliandika kwa herufi kubwa za mwalimu mstaafu: UPEPO WAKO UNA MAJI. YAMENIRUKIA PUANI.

Daktari alitaka kumweleza kwamba ni maji ya kusuuzia. Badala yake alichukua kioo kidogo, akakifuta mpaka kikang'aa, akakipulizia kwa bomba lile lile. Kioo kikajaa vitone vidogo vidogo, vyenye mng'ao wa mafuta.

Akaliziba jino kwa dawa ya muda, akamwita fundi. Fundi alizunguka nyuma ya jengo, akapiga magoti kando ya mtambo unaosukuma hewa kwenye bomba lile na kufungua koki iliyo chini ya tangi. Maji ya rangi ya kutu yakatoka mpaka yakafika nusu ya ndoo.

"Mliyamwaga lini mara ya mwisho?"

"Sikujua kama yanamwagwa."

"Basi daktari, kila ukikausha jino, unalilowesha upya."

Fundi akatoa chujio la hewa lililokwisha kushiba maji, akaweka jipya. Siku mbili baadaye mama mkwe alirudi. Daktari alianza kwa kukipulizia kioo, kikabaki kikavu. Akapaka gundi, akaisugua taratibu ili izame, akaipuliza, akaimulika kwa taa ya buluu, kisha akajaza tundu tabaka kwa tabaka bila haraka.

Jioni ile aliwapigia simu wagonjwa wote watano. Ulimi ulikuwa mzito kwa yule wa kwanza, ukalegea kadiri alivyoendelea.

"Kosa lilikuwa langu, si lako. Njoo nikuzibe jino upya."

Yule wa mifupa akadakia.

"Kwa hiyo mwezi mzima nimekula mchuzi mtupu bure?"

"Bure kabisa. Nisamehe."

Akacheka mpaka akakohoa, akasema atakuja kesho asubuhi, ila kwanza anapita buchani.