Njia ya Nyuma ya kwa Mama Munga

Mwezi wa saba ukiingia, Jomvu hupatwa na baridi ambayo watu wa bara huicheka. Jumamosi hiyo Changawa alitoka kwake alfajiri kajizungushia leso ya mkewe shingoni, juu ya jaketi, juu ya fulana mbili. Rafiki yake Kamau alikuwa akimngoja kwenye kona, kavaa kaptura.

"Unaenda kutembea ama unaenda kuzikwa?" Kamau akauliza.

"Wewe babu zako walilala na barafu. Sisi wa huku damu yetu ni mafuta ya nazi. Kipupwe kikiingia, inaganda."

Kamau babu zake hawajui sana. Alizaliwa Mikindani, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwanda aliyetoka Limuru, na yeye Limuru ameiona mara nne, tatu zikiwa mazishi. Kuanzia darasa la kwanza hadi la nane alikaa dawati moja na Changawa. Ila kila mwezi wa saba hujikumbuka kuwa mtu wa milimani.

Hawakuwa wakitembea kwa raha. Changawa ni dereva wa winchi ya kupanga makontena, katika yadi moja ya Changamwe. Miaka tisa amekaa kule juu kwenye kibanda cha kioo, ambako mtu huiona mikoko yote ya Jomvu na maji yakiingia na kutoka. Mwezi wa sita, nesi wa yadi, Milcah, alimfunga mkono akapima presha, akatazama, akapima tena. Mia na sitini na nane kwa mia na mbili.

"Kule juu sikupandishi na namba hizi," akasema. "Tumia dawa, punguza chumvi, tembea. Nitakupima baada ya wiki sita. Isiposhuka, utakaa getini uandike namba za malori."

Wiki sita zilikuwa zinaisha Jumatatu.

Jumamosi mbili za mwanzo walipita njiani kama watu wenye akili, na hapo ndipo walipoharibikiwa. Jomvu humwambii mtu mzima "tunapita tu." Kwa Mzee Hashim walikaribishwa chai na mahamri. Kwa Dama wakakuta viazi vya karai, na Dama akaapa kuwa wakikataa atajua wamemdharau. Jumamosi ya pili Changawa alirudi na papai kwapani na kilo moja na nusu zaidi tumboni.

"Kasoro ni njia," Kamau akasema. "Njia ndiyo ina watu."

Basi wakaacha njia. Walipita nyuma ya mashamba, katikati ya vichaka, wakashuka hadi ukingo wa mikoko maji yakiwa yametoka. Ndivyo walivyokuwa wakienda shule zamani, wao wawili na mwenzao Munga, wakiwakwepa wazee wasitumwe dukani. Kila hatua ilikuwa na jambo lake. Hapa ndipo Kamau aliposuguliwa upupu akalia hadi akaitwa king'ora. Pale ndipo Changawa alipopoteza kiatu topeni, akaenda shule wiki nzima na ndara za mamake.

"Lile tope linakudai mguu wa pili," Kamau akasema.

"Lakini lilikuwa pana kama bahari. Mbona siku hizi ni dogo hivi?"

"Tope ni lilelile. Wewe ndiwe umepanuka."

Palibaki sehemu moja ngumu, nyuma ya kwa Mama Munga. Utotoni walikula kwake kila mchana, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa nusu ya safari. Munga mwenyewe sasa yuko Athi River, hupiga simu Krismasi. Mama huyo sahani yake haikuwa na mwisho, na Changawa alijua akiketi pale, Jumatatu atakuwa wa getini. Kwa hiyo Jumamosi tatu mfululizo walikuwa wamepita nyuma ya ua wake wameinama kama wezi wa kuku. Kila mara Changawa alikohoa, naye akaisingizia baridi.

Jumamosi hiyo nayo wakainama.

"Changawa," sauti ikatoka ndani ya ua. "Inua kichwa, baba. Utachomwa na mwiba, na macho ni mawili tu."

Wakainuka.

"Shikamoo, Mama," wakasema pamoja, kama darasani.

"Marahaba. Jumamosi ya nne hii naona kichaka kikitembea. Cha kwanza kinakohoa, cha pili kina kaptura. Haya, piteni, mihogo inapoa."

Mkekani palikuwa na vikombe vitatu vya bati. Kimoja kilikuwa na mbonyeo uleule wa siku Munga alipokigonga ukutani.

"Ulijua tutakuja leo?" Kamau akauliza.

"Naweka kila Jumamosi. Msipokuja, nakula mwenyewe, kinachobaki anakula mbuzi wa jirani." Akasogeza bakuli dogo mbele ya Changawa. "Hii yako haina chumvi. Mkeo kanieleza kanisani."

Changawa akala. Mhogo wa nazi usio na chumvi si kitu cha kusifiwa, lakini aliumaliza, akapangusa bakuli kwa kidole.

Walipoaga, Mama Munga akachukua leso yake.

"Nawasindikiza."

Akawasindikiza hadi kwa Dama. Hapo wao wakaona haya kumwacha mama mzima arudi peke yake, wakamrudisha. Kufika mlangoni, akasimama. "Sasa niwaache wageni wangu waende bila kusindikizwa?" Wakaanza upya, safari hii kwa njia ya nyuma, na yeye ndiye aliyetangulia, akiruka mizizi bila kutazama.

"Mama, hii njia umeijulia wapi?" Changawa akauliza, akihema.

"Nikiwafuata. Mlidhani mwatoroka? Kila siku mkishakula nilikuja nyuma yenu hadi mvuke tope. Ulipopoteza kile kiatu nilikuwa nyuma ya mkoko ule. Nilikitafuta hadi magharibi."

Wakamrudisha. Akawasindikiza tena. Jua lilipokuwa utosini, manyunyu yakaanza, naye akawafukuza penye njia panda: "Nendeni. Hapa nitarudi mwenyewe." Simu ya Kamau, iliyozoea kuhesabu hatua elfu tisa, ilikuwa imefika elfu ishirini na mbili.

Jumatatu Milcah alipima, akatazama, akapima tena. Mia na thelathini na sita kwa themanini na nane.

"Umefanya nini?"

"Nimesindikizwa," Changawa akasema.

Milcah akatia sahihi bila kuelewa. Saa nne Changawa alikuwa juu, ndani ya kioo chake, maji yakitoka na ukingo wa mikoko ukianza kuonekana. Wakati wa chai akampigia Kamau.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Si umeshapita kipimo? Wacha nilale, bana."

"Tulimwacha mama njia panda," Changawa akasema. "Ilikuwa zamu yetu kumrudisha."