Mapato ya Mjalidi

Mjalidi alikuwa mtoto wa mjalidi, mjukuu wa mjalidi na kitukuu wa mjalidi. Babu wa baba yake alijalidi madaftari ya mahakama kwa uzi wa katani na ngozi ya mbuzi, na hakimu mwenyewe alikuwa akishuka kitini kumpa mkono. Babu yake alijalidi misahafu na vitabu vya nyimbo za kanisa juu ya meza moja, na pande zote mbili zilimwamini. Baba yake alijalidi madaftari ya kodi ya mji mzima. Kila mwaka wa serikali ulipoanza, magari mawili yalisimama mlangoni pake yakisubiri. Katika hao wote hakupatikana hata mmoja aliyefuatwa nyumbani kwa deni, wala aliyesema uongo mbele ya mkubwa au mdogo.

Hiyo ndiyo nasaba aliyoketi nayo Mjalidi Jumanne asubuhi kwenye benchi la ofisi ya kodi, umri miaka sabini na mmoja, shati limepigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe, mkononi kikaratasi chenye namba mia na nane.

Kando yake aliketi binti yake, mshonaji wa sare za shule, ambaye tangu alfajiri alikuwa akimfundisha la kusema.

"Baba, sema hivi tu: kazi imekufa. Basi. Usianze habari za babu."

"Kazi haifi. Wateja ndio waliokufa."

"Haya, wamekufa, Mungu awalaze pema. Mradi tuandikiwe kwamba biashara imefungwa."

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Tangu maofisi yahamie kwenye kompyuta, hakuna aliyeleta daftari kujalidiwa. Miaka mitatu mfululizo karakana haikuingiza hata nauli. Lakini kila mwisho wa mwaka fomu ya kodi ilifika, na ndani yake kilikuwamo kisanduku kilichouliza mapato. Mjalidi alisoma enzi za mwalimu aliyemsimamisha mwenye sifuri mbele ya darasa, uso ukutani, mpaka kengele ya mwisho. Yeye hakuwahi kusimama pale hata siku moja, na sasa mkono ulikataa katakata kuandika sifuri chini ya jina la ukoo wake. Basi akaandika mapato ya zamani, kwa hati iliyonyooka. Akauza baiskeli. Akauza kabati. Mwaka wa tatu akauza kitanda cha marehemu mkewe, akailipia kodi fedha ambayo hakuwahi kuipata.

Binti alikuja kuyajua hayo mwezi uliopita, barua ilipoletwa. Kwa kuwa mlipakodi huyu hutangaza mapato mazuri pasipo kuyumba, ilisema, amepandishwa daraja. Atalipa kodi ya daraja jipya kwa kurudi nyuma miaka miwili, pamoja na faini ya kukosa mashine ya risiti.

Namba yao iliitwa karibu na adhuhuri. Karani alikuwa msichana wa umri wa wajukuu zake, mpole wa sauti.

"Shikamoo, babu. Hongera. Mtaa mzima unalia, wewe peke yako unapanda."

"Marahaba. Sikupanda. Karakana haina kazi mwaka wa tatu huu."

"Na haya mapato uliyoandika?"

"Hayakuwapo."

Vidole vya karani vikasimama juu ya kompyuta. "Hayakuwapo vipi? Sahihi si yako?"

"Ni yangu."

"Kumbe uliidanganya serikali."

"Dada yangu," binti akaingilia, "serikali imepoteza nini? Alilipa asichodaiwa! Wewe ulishaona wapi mtu anadanganya ili alipe?"

"Sheria haiulizi umedanganya kwenda juu au kwenda chini." Karani akatoa karatasi mbili, akazipanga mezani sambamba. "Hii, unakubali mapato yalikuwa ya kweli. Unadaiwa, usipolipa kwa siku kumi tunashika mali. Hii nyingine, unakiri tamko la uongo. Faini yake mara mbili, na jalada linakwenda kwa mwanasheria. Kupanda mchongoma, babu, kushuka ndiyo ngoma."

Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia mwenye maduka ya saruji wa mtaa wa pili, yule wa malori sita. Hakuwa na namba. Karani alisimama.

"Tajiri! Si ungepiga simu tu!"

"Nimepita kuweka sahihi yangu. Mwaka huu mbaya, dada. Mbaya mno."

Akainama na kuandika palepale, kiwiko chake kikigusa kiwiko cha Mjalidi. Mjalidi, aliyezoea tangu utoto kusoma kurasa zilizolala upande, aliona kisanduku cha mapato na sifuri iliyoandikwa ndani yake, ya duara, isiyo na haya. Mhuri ukaanguka juu yake. Bahasha ya kaki ikabaki kando ya kompyuta, kama miwani ya mtu msahaulifu.

"Ah, Mzee Mjalidi!" Tajiri alimpiga bega. "Nasikia siku hizi wewe ndiye unayetulisha nchi nzima. Ahsante sana, mzee wangu, barabara tunaziona!" Akaondoka akicheka, na askari wa mlangoni naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Bahasha ilipokwisha kuingia kwenye droo, karani aliinamisha kichwa. "Babu, huyu binti yako ana akili. Apite kule nyuma aonane na kaka mmoja mwenye shati la bluu. Nusu ya faini tu, jalada halitaonekana tena. Watu husaidiana."

Binti alikwisha kufungua mkoba. Ndani zilikuwamo fedha za vitambaa, malipo ya awali ya wazazi wa wanafunzi kumi na wawili. "Baba, nipe ruhusa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

"Chutama wewe. Mimi nitasimama."

Akavuta karatasi ya pili, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka neno *uongo* likamtokea mara ya tatu. Akairudisha. Akaichukua ile ya kwanza, iliyosema kwamba fedha zile zilipatikana kweli, akatia sahihi kamili, ya ukoo mzima.

"Umesaini nini, baba?"

"Nimesaini nilichoandika."

Siku ya kumi na moja, saa tatu asubuhi, waliokuja karakana walikuwa afisa mmoja na wabebaji wanne. Mjalidi aliamriwa akae nje, kwenye ngazi. Cherehani ya binti ilikuwa ndani, dirishani penye mwanga. Alikuwa akiitumia kushona. Afisa aliiandika ya kwanza.

"Hiyo yangu, kaka! Naapa, ya kwangu mwenyewe. Haihusiani na kujalidi."

"Iko ndani ya karakana, mama. Kilichomo ndani ni cha biashara."

"Nina sketi kumi na mbili za watu. Shule zinafungua Jumatatu."

"Ungemwambia mzee atangaze mapato vizuri."

Walikata uzi ili kitambaa kitoke chini ya sindano. Binti alibaki katikati ya chumba, futi shingoni, nusu ya sketi mkononi. Hakulia. Alimtazama baba yake kupitia mlangoni, akamtazama mpaka mzee akageuza uso.

Wakahamia kwenye shinikizo, lile pande la chuma la kubania vitabu, ambalo halijawahi kuondoka mahali pake tangu mjalidi wa kwanza. Vijana wanne walilivamia kutoka juu, wakaning'inia kwenye gurudumu lake. Likayumba. Mmoja akasema litauzwa kwa kilo, hata likivunjika bei ni ileile, na wenzake wakacheka.

Mjalidi akainuka, akaingia mahali alipokatazwa.

"Nyinyi vijana! Simameni! Nisikilizeni!"

Wakasimama. Hata afisa aliacha kuandika.

"Gurudumu halishikwi. Wawili wapite nyuma, magoti yakunjwe, mikono chini ya kitako chake. Wewe mrefu, kaa upande wa mlango. Msiliburuze. Na mtu hacheki akiwa kazini. Mmenisikia?"

"Tumesikia, babu."

"Basi tegeni masikio, maana sirudii. Nikifika tatu, inueni kwa pamoja, mtoke nalo wima."