Madirisha Mawili ya Miladin

Tangu Miladin aanguke kutoka juu ya mti wa mplamu na kuvunja uti wa mgongo, hakuna mtu mjini aliyewahi kumfunga kwenye pool. Hata mmoja. Zamani, miguu ikiwa mizima, alikuwa mchezaji wa hivi hivi, leo kashinda, kesho kapigwa. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na ghafla amekuwa simba wa Mto Morava. Muuza mbao alikosa mpira uliokuwa umeshachungulia shimoni. Padri aliupiga mpira mweupe ukaenda kutua kwenye supu ya kondakta wa treni. Mtu wa posta aligeuza fimbo akapiga kwa upande mnene, kisha akatikisa kichwa: "Ah, Miladin, wewe huwezekani!"

Miladin alikuwa amevunjika mgongo, si akili. Alijua wanamwonea huruma.

Angewavumilia, lakini Jumapili timu ya mkahawa wa Stojanka ilikuwa inakutana na watu wa ng'ambo ya mto, watu wasiomwonea huruma hata mama mzazi. Na Obrad, nahodha, alishatangaza kwamba Miladin yumo. Yumo kama nani? Kama mchezaji, au kama picha ya mtakatifu inayobebwa mbele kuleta baraka? Miladin akaapa: nikimfunga Obrad anayecheza kweli, naenda. Nisipomfunga, nabaki nyumbani kumenya viazi.

Taabu ilikuwa kumfanya Obrad acheze kweli. Obrad alikuwa kum wake, aliyemsimamia harusi na kumbatizia mtoto, na kule kum haudhiwi. Ni afadhali ukamtukane askofu.

Basi Miladin akafikiri, akakumbuka upepo.

Katika mji ule watu hawaogopi vita, mafuriko wala serikali. Wanaogopa upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Kila maradhi yametokana nao, kuanzia jino mpaka talaka. Mjomba wa Stojanka alipigana vita viwili, akaumwa na mbwa mwitu, akarudi anacheka. Aliyemmaliza ni dirisha la chooni. Ndiyo maana mkahawa ule ulikuwa haufunguliwi dirisha hata Julai, na wateja walikunywa kahawa huku wakichemka pamoja nayo.

Alhamisi mchana Miladin, aliyekuwa fundi madirisha kabla ya mambo ya mplamu, akaingia na bisibisi. Akafungua dirisha la barabarani, akafungua la uani, akang'oa vitasa vyote viwili. Angeweza kuvikalia asivihisi, ila daktari alishamkataza kukalia kitu kigumu, kwa hiyo akavitia kifuani ndani ya shati. Upepo ukapita katikati ya mkahawa kama mkwe mwenye hasira.

"Mama yangu!" Stojanka akapiga ishara ya msalaba. Wateja wakatoka mbio na vikombe vyao, mmoja akiwa ameziba masikio kwa mkate. Obrad naye akawa anaelekea mlangoni.

"Kum," Miladin akamwita kwa sauti ya kufa. "Unaniacha kwenye upepo? Na mgongo wangu huu?"

Obrad akasimama kama aliyepigwa msumari. "Sasa funga basi, ndugu yangu!"

"Ukinifunga mimi, na mimi nafunga madirisha. Nikikufunga wewe, tunaanza upya. Ukikosa makusudi, tutalala hapa."

"We mwendawazimu!"

"Panga mipira."

Obrad akajiviringisha kitambaa cha meza shingoni, akatia pamba masikioni, akacheza. Na alicheza! Mpira wa kwanza ndani, wa pili ndani, wa tatu ukazunguka meza nzima ukaingia wenyewe kwa woga. Miladin hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile tangu atoke hospitali.

Zamu yake ilipofika akasogeza kiti, akakaza breki, akashika gurudumu kwa mkono mmoja asiporomoke, kidevu usawa wa meza.

"Nyinyi mnainama weee mpaka mnapata kiungulia," alisema. "Mimi nimeshainama tangu asubuhi." Akaingiza minne.

Obrad alipotaka kupiga tena, mguu wa Miladin ukaruka wenyewe, kama miguu ile inavyofanya, ukagonga chuma cha kiti. Kwaa!

"Mguu wako unanitisha!"

"Mwambie mwenyewe. Mimi haunisikilizi mwaka wa pili huu."

Wakapokezana, Obrad akipiga vizuri na Miladin akimfuata, mpaka ukabaki mweusi peke yake kwa kila mmoja. Akaulenga kwa moyo wake wote, ulimi nje. Mpira ukagusa mdomo wa shimo, ukatetemeka, ukarudi kukaa upande wa mbali kabisa. Hakukosa makusudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Kuusukumia shimo la kule kulitaka mtu alale juu ya meza, na Miladin asingeweza. Akazunguka meza mara mbili, akarudi alipoanzia, akalaza fimbo juu ya ukingo, akapiga taratibu. Mweupe ukaenda, ukaugusa mweusi begani. Mweusi ukagonga ukingo wa mbali, ukarudi ukijivuta meza nzima, ukaanguka kwenye shimo la katikati, karibu na goti lake.

Obrad akainama kuchungulia shimo.

"Mwizi!" Obrad akalipuka, akatupa fimbo chini. "Mbuzi wewe wa magurudumu! Bahati ya mlevi!"

"Obrad!" Stojanka akapiga kelele kutoka nyuma ya kabati. "Humwoni ni mgonjwa?"

"Mgonjwa? Huyu? Mgonjwa ni mimi, shingo imeshakauka! Huyu ni jambazi!"

Miladin alicheka mpaka akashikilia meza. Akachomoa vitasa, akavinyoosha. "Haya, kum, chukua ufunge. Jumapili nakuja."

"Jumapili unaanza wewe, laana ikushukie, mimi nakufuata," Obrad akasema, akikaza kitambaa shingoni. "Lakini leo hufungi kitu. Rudisha hivyo vitasa ndani ya shati."

Na alikuwa ameshainama, anakusanya mipira aipange upya.