Risiva ya Mama

Katika ufundi wa redio mimi sibahatishi. Miaka ishirini na mbili nashika bisibisi, halafu dada yangu, ambaye hata balbu anabadilishiwa na jirani, akaja karakanani kunifundisha kazi.

"Mnunulie mama hom thieta. Sanduku moja na spika zake, kitufe kimoja, picha na sauti vinakuja pamoja."

Nikacheka, nikamwonyesha rafu ya juu. Hom thieta nne, zote maiti.

"Hizi kikifa kimoja, vimekufa vyote. Mama masikio yamechoka, anataka maneno, si makelele. Namfungia risiva, ile mashine ya kukuza sauti, peke yake, spika peke yake, na maneno yote yatatokea kwenye spika iliyo mbele ya kiti chake."

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," akasema dada. Anaishi na mama, lakini mchana wote yuko kazini, na mama hana mwenzake ila mchezo wa runinga wa saa nane. Siku hizi alikuwa hausikii tena, akaanza kushinda kitandani. Hilo lilitutia hofu sote.

Jumamosi nikafunga risiva kuukuu niliyoifufua mwenyewe, nikazima spika za runinga yenyewe. Mama alisikia mpaka mtu akivuta pumzi mle ndani, akapiga makofi. Nikamfundisha: kwanza rimoti ya runinga, kisha ya risiva, halafu unachagua namba tatu ili sauti ya runinga ipite.

"Sawa, baba," akaitikia. Nikaondoka kifua mbele.

Jumatano saa nane nikapita kumwona. Watu wanagombana kwenye runinga, sebule kimya kabisa. Mama kainama mbele, macho hayabanduki. Risiva imezimwa.

"Mama, unasikia nini hapo?"

"Nawaangalia midomo."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili, rimoti zile ziliponishinda. Dada yako nilimwambia inasikika vizuri sana." Akanishika mkono. "Ulihangaika mno na zile nyaya, mwanangu. Ningeanzaje kukwambia?"

Niliona aibu, sifichi. Nilikuwa nimechagua chombo cha fundi, nikamkabidhi mama.

Kesho yake nikaleta hom thieta mpya, niliyoifungua na kuikagua kwanza, maana mimi ni mimi. Mama akabonyeza kitufe mwenyewe. Sauti ikajaa sebuleni, si safi kama ile yangu, nikaanza kumweleza kasoro yake iko wapi.

"Baba," akasema bila kugeuka, "hebu nyamaza, nasikiliza."