Daftari la Mwalimu wa Majumbani

Mwanvita alimwona mwalimu tangu akiwa bado anapanda kilima, viatu mkononi, maana njia ya Kinole siku hiyo ilikuwa tope tupu. Jina lake Winfrida, lakini watu walimwita mwalimu wa majumbani, kwa kuwa shule ilimpa kazi ya kuwafuata wazazi ambao watoto wao hawaonekani darasani. Mwezi uliopita alifika kwa jirani, Mikidadi, akaandika kwenye daftari lake, na wiki iliyofuata Mikidadi akaitwa kwa mtendaji wa kata. Mwanvita hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Mwalimu alimpa shikamoo, akakaa, akaulizia habari za Mwanaasha, binti wa darasa la tano. Kwa kuliogopa daftari, Mwanvita akajibu kwamba ana homa. Kumbe binti alikuwa nyuma ya nyumba akikwangua magome ya mdalasini, na kisu kilisikika wazi. Winfrida aliandika tu, tena kwa kirefu, akaaga.

Kuandika kule kulimnyima Mwanvita raha. Yeye hakujua kusoma. Binti alikuwa amemweleza kwamba Jumatatu na Alhamisi walimu wana vikao, darasa lao halisomi, naye hakuchimba zaidi kwa sababu mdalasini ulihitaji mikono. Sasa mtu anataka kumfunga kwa hilo?

Alhamisi mwalimu akarudi. Safari hii Mwanvita hakumpa hata kigoda. Alinyoosha mkono.

"Nipe hilo daftari. Ulichoandika juu ya nyumba yangu nikisikie."

Winfrida alisita, kisha akafungua ukurasa wenyewe, akampa. Mwanvita akamwita binti asome, maana kwa mgeni hakuwa na imani hata chembe.

"Mama ni mzazi mzuri," Mwanaasha alisoma haraka. "Mtoto anaumwa. Atapona." Akalifunga.

Mwanvita akalifungua tena. Ukurasa ulijaa mwandiko juu hadi chini. Ile shaka aliyokuwa nayo kwa mwalimu ikaanza kuhama, na ilipotua kwa mwanawe ilimuuma zaidi. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hapa pameandikwa nini?"

Mwanaasha akatazama miguu yake, machozi yakimlengalenga.

Ndipo Winfrida akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna vikao. Siku hizo mbili darasa husoma kwa sauti, mmoja mmoja. Mwanaasha hajui kusoma, na wenzake humcheka. Hayo ndiyo aliyoandika, pamoja na ombi kwamba mama asisumbuliwe.

"Na Mikidadi?"

"Aliitwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Muulize mwenyewe."

Akaenda kumuuliza palepale, mwalimu akisubiri uani. Mikidadi alikubali kwa aibu. Mwanvita alirudi polepole, akifikiria miezi aliyofaidi mikono ya mtoto bila kumuuliza hata swali moja.

Jumatatu alishuka na Mwanaasha hadi kwenye darasa la jioni ambako Winfrida huwafundisha wasiojua kusoma, wakubwa kwa watoto, akakaa benchi la nyuma, bado akimchunguza mwalimu kila alipofungua mdomo. Zamu ya binti ilipofika, alikwama kwenye neno la pili, na watoto wawili wakacheka. Mwanvita akageuka akawakazia macho mpaka wakanyamaza. Mwanaasha akavuta pumzi, akaanza upya.