Mtaro wa Mkono wa Kushoto

Kiangazi cha mwaka 1974, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, wasichana wa Migwani walicheza besiboli na wasichana wa Ikutha katika uwanja uliopakana na shamba la Mumbua. Siku hiyohiyo wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, walikuwa wakimchimbia Mumbua mitaro ya kuzuia udongo. Kila nyumba ilipaswa kutoa mchimbaji. Nyumba isiyotoa haichimbiwi zamu yake ifikapo, na mvua za Novemba huondoka na shamba lake. Muthoki alikuwa mgonjwa, hivyo mchimbaji wa nyumba yake alikuwa binti yake Ndinda. Mrushaji wa Migwani pia alikuwa Ndinda.

Ndinda alirusha kwa mikono yote miwili. Besiboli ina sheria kwa watu wa namna hiyo, na mwamuzi, Mwalimu Jonah, aliisoma kwa sauti: mrushaji atauonyesha mkono atakaoutumia kabla ya kumrushia mpigaji, wala hataubadilisha mpaka mpigaji huyo atoke au afike kituoni.

Ndinda akainua wa kulia. Wa kushoto, ulipoona kwamba hauna kazi, ukajitenga kwenye kiwiko, ukapenya ua wa mkonge, ukaingia shambani. Wanawake wakaupisha.

"Huu ni wa nani?" akauliza Mumbua.

"Wa binti ya Muthoki. Upe jembe la mpini mfupi."

Mchezo ukapamba moto. Hatimaye Migwani wakawa mbele kwa alama moja tu, na mpigaji wa mwisho wa Ikutha akaingia. Huyo alikuwa Nzilani, ambaye kila mpira wa mkono wa kulia aliufikisha barabarani.

"Nzilani! Upeleke mpira mjini Mwingi, ukanunue chumvi!" wakapiga kelele Ikutha.

"Kushoto, Ndinda! Kushoto!" wakajibu Migwani.

"Mkono upi?" akauliza Jonah.

"Wa kushoto, Mwalimu."

"Sioni kitu. Sheria inasema uonyeshwe."

Kule shambani jembe lilianguka. Mkono ukaja mbio, umati ukaupa njia, ukajishikiza mahali pake ukiwa mwekundu kwa udongo. Ndinda akauinua. Akarusha, Nzilani akapiga hewa. Akarusha tena, hewa. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Mpira wa tatu ulipita ukitawanya vumbi jekundu, na Nzilani, aliyekosa mara tatu, akatoka; Migwani wakashinda.

Ndinda alikuwa bado mabegani mwa wenzake wakati Syokau, mkuu wa mwethya, alipofika na fimbo yake ya kupimia.

"Mwaitu, mama yetu, kazi ya nyumba yetu imekwisha?" akauliza Ndinda.

"Mtaro umekwisha, tena umenyooka kuliko yote. Lakini umechimbwa na wa kushoto. Wewe waweza kunisalimia kwa kushoto?"

"Hapana, mwaitu."

"Basi nyumba yenu haikuchimba. Mtaro tutabaki nao. Siku yetu mtairudisha."

Jumatatu Ndinda alirudi na kuchimba kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikaa kwenye ukingo wa mtaro wake, ukirusha mpira juu na kuudaka. Mtaro wa kulia ulipinda, ukajikunja, ukapanda mlima pale ulipopaswa kushuka. Jioni Syokau aliupima, akautikisia kichwa, lakini akauhesabu.

Kisha akaupokea mkono wa kulia wa Ndinda, uliojaa malengelenge, akamsalimia. Siku ya mwethya ikawa imelipwa.