Ubao wa Mheshimiwa

Gentrix alitapika tena kwenye ngazi za ofisi ya Mheshimiwa, na askari wa mlangoni akaruka kuokoa viatu vyake.

"Mama, panguza hapo. Wageni wanakuja."

Navalayo alifungua leso kiunoni akapanguza. Binti yake wa miaka minane aliegemea ukuta, jicho la kushoto limepinda kuelekea puani. Walikuwa wametoka Malava alfajiri, na picha ya kichwa katika bahasha ya kaki. Daktari alikuwa ameionyesha kwa ncha ya kalamu: uvimbe kwenye ubongo, huku nyuma. Wapasuaji walikuwa Eldoret. Wangempokea barua ya ufadhili ikifika, na asipitishe wiki mbili. Hii ilikuwa ya tano.

Erastus, msaidizi wa Mheshimiwa, hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mama Gentrix, si nilikwambia barua iko tayari?"

"Basi nipe, baba. Anatapikanga kila asubuhi. Siku hizi hata kikombe hakioni, anapapasa."

"Barua haiuzwi dirishani kama chumvi. Mheshimiwa huikabidhi mwenyewe, mbele ya watu. Alikuwa Nairobi, kukawa na mazishi, halafu harusi. Unataka ajigawe?" Akachokonoa meno. "Ijumaa, uwanjani Khayega. Mvalishe vizuri. Na kichwa usikifunge kitambaa. Watu waone."

Ijumaa Mheshimiwa alichelewa kwa saa nne. Alishuka garini akinukia, akahutubu kwa dakika arobaini jinsi anavyowapenda wanyonge, huku Gentrix amelala kwenye nyasi, ameziba masikio, akilia kwamba spika zinampasua kichwa. Hatimaye wakaitwa. Navalayo akashikishwa ubao mpana kama mlango: MATIBABU KAMILI, na chini yake jina la mtoto.

Mheshimiwa alimshika Gentrix kidevu, akamgeuza kwenye kamera.

"Cheka kidogo, mrembo."

Gentrix aliitafuta ile sauti, akacheka upande usiokuwa na mtu. Umati ukashangilia.

Mheshimiwa alipoondoka, Erastus akaunyakua ubao.

"Na barua yenyewe?" Navalayo akauliza.

"Inashughulikiwa."

"Ulisema iko tayari!"

"Mama, jifunze shukrani. Mtoto wako ameonekana Kenya nzima. Unajua ni wangapi wanaililia nafasi hiyo? Kesho tuko Shianda, hata jina la huko sijabandika."

Aliulaza ubao juu ya kiti, akapenyeza kucha chini ya karatasi yenye jina la Gentrix, akaibandua. Chini yake palikuwa na jina lingine, limechanika pembeni: Bravin Were.

Navalayo alikuwa amemfunga binti yake mgongoni, mrefu hivyo, miguu ikining'inia. Akalisoma jina lile mara mbili.

"Huyu Bravin," akasema, "alipona?"

Erastus alikuwa akitafuta gundi mfukoni.

"Bravin gani?"